Usishuke Dodoma, Nyemo

Nyemo,

Miaka minne. Nimezoea kuwaambia watu kwamba mjukuu wangu yuko Dar es Salaam, kama mtu anavyosema ng'ombe wake yuko kwa jirani: yupo, ila maziwa hayaonekani. Miaka minne hukanyagi uwanja huu, halafu juzi unatokea na begi mgongoni, unapiga goti, "Shikamoo Bibi," kana kwamba ulitoka jana kwenda kuchota maji. Nilikuitikia marahaba kwa sababu shikamoo haikataliwi. Lakini nilikuitikia huku nimewaangalia kuku, na uliona.

Kukaa mbali hivyo si jambo la kuchekea. Mvua zimekuja mara nne, hujanisaidia kupalilia hata mstari mmoja wa alizeti. Goti limeumwa, limepona, limeumwa tena. Jirani yetu Mama Yoeli ameoza mabinti wawili, wewe ukatuma salamu kwenye simu yake. Salamu ya simu hailiwi. Watu wakawa wananiuliza, eti mke mwenzako yuko wapi? Nawajibu ameolewa na ngoma, wala mahari sijaiona. Wanacheka, na mimi nacheka, halafu nikiingia ndani sicheki.

Haya, nimemaliza kugomba. Ningegomba zaidi ila karatasi ni hizi tu, nimezichana kwenye daftari la zamani la kwaya, na nataka zitoshe kwa jambo lenyewe.

Nakuandikia wewe ukiwa umekwenda Manyoni kukata tiketi. Nataka niwe nimemaliza kabla hujarudi, maana ukinikuta na kalamu utaniuliza naandika nini, na mimi kudanganya sijui. Kalamu yangu ni nzito, unaijua. Shule sikusoma. Baba yangu alisema mimi nikienda shule mbuzi watachungwa na nani, na kwa kweli hakukuwa na mwingine. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, nikiwa na mama yako mgongoni, na mpaka leo nikiandika natoa ulimi kama mtoto. Kwa hiyo usicheke mistari inayopanda na kushuka. Soma tu.

Nitaikunja barua hii na kuitia kwenye mfuko wa kitenge nitakaouweka juu ya begi lako. Nitakwambia usiufungue mpaka basi litoke Manyoni. Kama umenitii, sasa hivi mnateremka kuelekea Kintinku. Una muda wa kutosha. Ukifika Bahi uwe umemaliza, kwa sababu baada ya Bahi ni Dodoma, na habari yote iko hapo Dodoma.

Mambo ya sweta sitakwambia. Wala kula, wala kufunga mlango, wala watu wa kuepuka. Una miaka thelathini na tano. Ukisikia baridi utatafuta sweta.

Nitaanza na jana. Tulikuwa jikoni, mimi nasonga ugali, wewe unakoroga mlenda, na nilikuona huna raha tangu ulipofika. Nikakuuliza safari yako ya Ulaya ni lini, ile mliyoalikwa wewe na mwenzako Kassimu mkakae mwaka mzima na wapigaji wenzenu wa hiyo mnayoiita jazi huru. Ukaniambia ndege ni Jumapili, lakini Kassimu atapanda peke yake. Wewe utashuka Dodoma. Kuna hoteli inatafuta mtu wa kupiga ngoma kwenye bendi yao, nyimbo zinazojulikana, mashati ya rangi moja, kila wiki, mshahara unaingia. Nikasema bendi ya namna hiyo ulishakuwa nayo Dar miaka minane, ukaiacha mwenyewe. Ukasema ndiyo, na sasa nairudia.

Nikakuuliza kwa nini. Ulikoroga mpaka mlenda ukataka kumwagika, ndipo ukasema, "Bibi, nimechoka kuombewa radhi."

Ukanieleza. Kwamba kila mnapopiga muziki wenu, watu wanakuja wakidhani watacheza. Wanasubiri wimbo, wimbo hauji. Wanasubiri mdundo wa kushika, mdundo unakuja, unaondoka, unarudi umevaa nguo nyingine. Wanaanza kutazamana, wanaanza kutoka. Halafu mwenye ukumbi anachukua kipaza sauti anasema, tuvumilieni, hawa ni vijana wa majaribio. Mara ya mwisho, ukasema, alibaki mlinzi tu, na mlinzi yule alibaki kwa sababu ndiye mwenye funguo.

Ulitaka nicheke hapo kwenye funguo. Sikucheka. Nilisema ngoja nikaangalie kuku, nikatoka. Kuku walikuwa wamelala, Nyemo. Nilisimama nyuma ya banda lao nikiwa nimeshika ukuta, kwa sababu wewe mwenye ukumbi unamlaumu bure. Mtu wa kwanza kukuombea radhi mbele za watu ni mimi.

Tuliseme lile la miaka minne iliyopita, maana tangu ufike tunalizunguka kama shimo la choo.

Ulikuja na Kassimu, na yule mwenzenu wa gita kubwa, mkitoka kupiga Singida mjini kwao Kassimu. Ukasema unataka kupiga nyumbani, mavuno yameisha, watu wana nafasi. Nikafurahi kupita kiasi. Nilizunguka Kilimatinde nzima kutangaza kwamba mjukuu wangu analeta jazi. Kosa langu la kwanza hilo. Sisi wazee ukisema jazi tunajua ni bendi ya dansi, magita na matarumbeta, watu wawili wawili, vumbi mpaka magotini. Mama Yoeli alivaa viatu. Wazee walikuja na viti vyao.

Mkaanza. Kassimu akapuliza lile tarumbeta lake lililopinda, la saksafoni, sauti kama ndama aliyenasa kwenye mwiba. Wewe ukagusa sahani moja ya shaba, ukanyamaza. Ukagusa tena. Watu wakasema wanapima vyombo, wataanza sasa hivi. Mama Yoeli alisimama mara tatu kucheza na mara tatu akakaa. Halafu ukaingia na ngoma zote, mikono na miguu, na mimi nikatazama nikaona kitu kimoja tu: ngoma hazikuguswa na mapaja yako. Zilikuwa zimesimama kwenye vyuma, mbali nawe. Mimi ni Mgogo, nimebana ngoma ya muheme, ile yetu wanawake, kwa mapaja tangu sijavunja ungo. Kwangu ngoma isiyobanwa haijapigwa, imegongwa. Nikasikia mtu nyuma anasema, sufuria zimeanguka, na watu wakacheka.

Wangenicheka mimi ningewaweza. Nikanyanyuka. Nikatembea mpaka ulipokaa, nikakuchomoa vijiti mkononi, nikawageukia watu, nikasema mjukuu wangu amechoka na safari, msameheni.

Ulinitazama ukaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, nilikuwa sijamaliza."

Nikasema utamalizia siku nyingine. Asubuhi nilipoamka mlikuwa mmekwenda, na vijiti vyako nilikuwa navyo mimi. Nilikasirika. Nilisema mtoto gani anayeondoka bila kuaga. Kijiti kimoja nilikifanya cha kuchochea moto, kwa makusudi. Kingine, sijui kwa nini, nilikiviringisha kwenye kitenge cha marehemu mama yako nikakiweka kabatini. Hasira yangu haikutosha vijiti viwili.

Hilo unalijua. Sasa nakwambia usilolijua, na ukishalijua unaweza kunikasirikia mpaka Bahi, ruksa.

Nimekusimulia mara nyingi jinsi mama yako Dorika alivyoharibu ngoma siku ya kumpokea mgeni wa Serikali pale kituo cha reli Manyoni. Tulikuwa tunacheka mimi na wewe. Nilikuwa naigiza jinsi alivyopotea. Sikiliza sasa jinsi ilivyokuwa.

Tulikuwa wanawake tisa. Tulipelekwa na lori, tukazipasha ngoma moto nyuma ya kituo mpaka ngozi zikakaza na kulia vizuri. Dorika alikuwa na miaka kumi na sita, ni mara yake ya kwanza kupiga na watu wazima, nikampa ile ndogo. Unajua mpangilio. Ngoma ndogo kazi yake ni kushikilia, haitembei. Anayetembea ni mwenye ngoma kubwa tu, na mwenye ngoma kubwa alikuwa mimi. Tangu mama yangu ilikuwa hivyo.

Mama yako akatembea.

Alitoka kidogo, kama mtu anayeacha njia kuchuma kitu porini, akarudi. Nikamkata jicho. Akaangalia chini, akashikilia. Halafu akatoka tena, mbali zaidi, na safari hii hakurudi mahali pale pale alipotokea, alirudi kwa mlango wa nyuma, na wale wengine saba wakajikuta wameyumba pamoja naye na hakuna aliyeanguka. Wachezaji wakageuka. Mabega yao yalikuwa yananifuata mimi tangu asubuhi. Yakaanza kumfuata yeye.

Nikainuka mbele ya mgeni na Serikali yake, nikaichomoa ngoma katikati ya mapaja ya mwanangu.

Hakulia. Alibaki amekaa vilevile, magoti yameachana, mikono hewani, hana kitu. Mimi nikarudi kukaa, nikaendelea, na wenzangu wakaendelea, na mgeni akapiga makofi. Nyumbani nikasema Dorika ameharibu. Nikasema tena kesho yake, na mwaka uliofuata, mpaka yeye mwenyewe akaanza kusema, ah, mimi ngoma siziwezi, niliwahi kuharibu Manyoni.

Hakuharibu, Nyemo. Ilinoga. Nimekaa nayo kifuani zaidi ya miaka arobaini na leo naiandika kwa herufi za ngumbaru: ilinoga, na ndiyo maana nilimnyang'anya. Angepiga vibaya ningemkanya tukifika nyumbani. Alipiga kitu nilichokuwa nakisikia usiku na mchana nikaogopa kukipiga, maana nilijiuliza wanawake watasemaje. Mtoto wa miaka kumi na sita akakipiga bila kuuliza mtu.

Hakugusa ngoma tena. Aliolewa Mtinko, akakuzaa, na akina mama wa huko wakimwita kwenye ngoma anasema mkono unauma.

Kuna jambo lingine, la pale hospitali. Ulikuwa na miaka sita, hukumbuki, nimekuuliza kwa kuzunguka na najua hukumbuki. Mama yako aliletwa kutoka Mtinko amekwisha, amebaki macho. Tulikaa naye siku tisa. Siku moja mchana, wauguzi wamekwenda kula, nikamwona vidole vyake vinagonga chuma cha kitanda. Taratibu. Ting, halafu kimya, halafu ting ting. Nikadhani anahangaika. Nikaushika mkono wake nikamwambia pumzika mwanangu.

Akautoa mkono wangu, bila hasira, kama unavyomwondoa nzi, akaendelea kwa mkono wa pili.

Na wewe ulikuwa umekaa sakafuni na sahani ya uji. Ukawa unamjibu kwa kijiko. Si kwa kumfuatisha, hapana, hapo ndipo niliposhangaa. Yeye anagonga hivi, wewe unagonga vingine, halafu mnakutana mahali, mnaachana. Mliongea hivyo mpaka uji ukapoa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza huyu mtoto anafanya nini. Nikamwambia, kwa heshima zangu zote, "Samahani mama, atanyamaza sasa hivi." Nikakunyang'anya kijiko.

Unaona? Kumbe lile la miaka minne iliyopita lilikuwa la tatu. Ngoma, kijiko, vijiti. Mkono ni huu huu ninaoandikia.

Mama yako alikwisha siku iliyofuata, na mimi nikakulea kwa uji na makofi, na ulipoanza kupiga vifuniko vya sufuria nikasema Mungu amenirudishia. Nikakuruhusu kwaya. Nikakuruhusu Singida mjini ulipofikisha miaka ishirini, nikakuruhusu Dar es Salaam na bendi ya mashati. Watu wakanisifu, bibi gani anamwachia binti akapige ngoma mjini. Nilikuachia kwa sababu ulikuwa unashikilia. Siku ulipotembea, nikafanya vilevile.

Utaniuliza nimejuaje haya sasa, na nimeyajua lini. Sikuota ndoto. Ni uwele.

Mwaka jana tulikuwa tunapura uwele kwa Mama Yoeli, wanawake sita na magongo. Siku zote tunapura kwa wimbo, wimbo unatuweka pamoja, magongo yanashuka mara moja. Lakini Mama Yoeli alikuwa amefiwa na dada yake, na kwenye msiba huimbi. Kwa hiyo tukapura kimya. Mwanzo ilikuwa fujo, kila mtu na gongo lake, nusura tupigane vichwa. Halafu kikaja kitu. Yule anachelewa kidogo, huyu anamsubiri, mimi naingia katikati, wawili wanagongana na kuachana, hakuna anayeongoza na hakuna anayepotea. Kila mtu alikuwa anamsikiliza mwenzake kwa mgongo. Gongo langu likabaki juu. Mama Yoeli akasema, Bibi yake Nyemo, umepigwa na kiarusi? Nikasema nyamaza, nasikia.

Nilisikia wewe na Kassimu pale uwanjani. Vilevile.

Jioni nikamfuata Mama Yoeli anifungulie ule muziki uliowahi kututumia kwenye simu yake. Ulipofika mara ya kwanza aliipigapiga simu kwenye kiganja, akasema imeingia maji. Safari hii nikamwambia usiipige, iache. Nikakaa nikasikiliza mpaka mwisho. Sehemu nyingine sikuelewa, na sehemu moja sikuipenda kabisa, ile ya kukwaruza, meno yaliniuma. Sitakudanganya. Lakini kuna mahali unaacha, unaacha kabisa, na Kassimu anabaki peke yake juu juu anahangaika, na mimi nikawa nasema kwa sauti, usimwache, mshike mtoto wa watu, na ukamshika. Kwa kitu kidogo tu, pembeni, kwenye ubao. Mama Yoeli akaniuliza mbona unalia. Nikamwambia betri yako inaisha.

Ningekupigia siku hiyo. Sikukupigia. Nilisubiri uje, ili niseme uso kwa uso. Umekuja, nimekutazama usoni siku mbili, nimewaangalia kuku. Ndiyo maana naandika.

Sasa nisikilize, maana mmekaribia Bahi.

Sijui kama mtafanikiwa huko mwendako. Mimi si mganga. Huenda na huko watatoka wabaki walinzi. Wakitoka, watoke, mlango si wako. Huenda mwaka ukiisha utarudi mikono mitupu, na jina lako halijulikani hata Manyoni. Utanikuta, na ugali upo. Huenda siku moja utataka kweli kurudi kwenye bendi ya mashati, na siku hiyo nitakuamini, nitakupigia pasi shati lenyewe.

Lakini siyo sasa, na nakwambia nimejuaje. Leo alfajiri ulikuwa unapeta uwele uwanjani. Ulidhani nimelala. Ulipeta vizuri kidogo, halafu mkono ukaupiga ungo ubavuni, ukasikiliza. Ukaupiga pengine. Ukaugeuza. Kwa muda mrefu ukawa umeusahau uwele kabisa, unaupiga ungo kwa vidole na kwa kiganja na kwa ile pete yako, na uso wako ulikuwa uso wa mama yako pale kituoni. Kuku wakala nusu ya uwele wangu. Niliwaona nikawaacha. Nyemo, mimi niliwaacha kuku wale uwele.

Mtu aliyemaliza hafanyi hivyo na ungo.

Kuchoka umechoka, naona. Lala kwenye ndege. Lakini kuombewa radhi hakujakufikisha mwisho, kumekukatiza, na mwenye kuanza kukukatiza ni mimi, na mimi ndiye ninayesema endelea. Hao wa Dodoma watapata mpiga ngoma mwingine wa kushikilia. Nchi imejaa watu wa kushikilia, na ni kazi njema, nimeifundisha wanawake wengi. Wewe ni wa kutembea. Nilizaa mmoja wa namna yako nikamkalisha. Wa pili simkalishi.

Basi likisimama Dodoma, kondakta atapiga kelele, watu watashuka, wauza maji watapanda. Wewe kaa. Kama tiketi yako ni ya Dodoma, mwambie kondakta unaendelea mpaka Dar es Salaam, na akikusumbua mpigie Mama Yoeli, kisha mpe kondakta simu, nitakuwa nimekaa kwake tangu asubuhi. Nataka kusikia mtu wa kunisumbulia mjukuu.

Kwenye ule mfuko wa kitenge, chini ya barua, mna vijiti vyako. Kitenge hicho ni cha mama yako, ndicho nilichoushonea mfuko. Kijiti kimoja ncha imeungua, hiyo ni mimi. Usikitupe na usikibadilishe. Kipigie hivyohivyo, na sauti yake ikiwa mbaya, wenzako wa Ulaya wakiuliza, waambie ni bibi yangu aliyeingia kwenye muziki bila kualikwa.

Ile ngoma ndogo ya Dorika ninayo. Nimeitoa darini, ngozi imelegea, nitaiwambisha upya. Kila mavuno nitaipasha moto, ikae tayari.

Ukija tena, njoo na Kassimu na yule wa gita kubwa. Nitawaita wale wale waliocheka, na Mama Yoeli aje bila viatu, na atakayeinuka kuomba radhi nitamkalisha kwa mkono huu. Mimi nitakuwa nimekaa mbele, ngoma ya mama yako mapajani, na nitashikilia. Nitashikilia tu, sitatembea. Na wewe ukifika usije kunipigia goti, usiniletee shikamoo. Pitiliza moja kwa moja uwanjani, kaa, anzia pale nilipokukatiza, upige mpaka umalize. Shikamoo utanipa ukishamaliza.

Bibi yako